Fundi Anajibu: Farasi Asiye na Mpandaji

Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa Newala, najifunza kuchonga mpingo kwa mjomba wangu. Hivi karibuni mgeni mmoja alinionyesha kwenye simu picha za lango la mawe la kale huko India, akasema limechongwa maisha ya Buddha, na anataka nimchongee ubao wenye hadithi hiyo. Nimezikuza zile picha nikamtafuta Buddha mwenyewe, simwoni. Kuna farasi anatoka mjini mgongo mtupu, juu yake mwavuli. Mjomba anasema sanamu ya mtu itakuwa imevunjika. Je, ni kweli? Na mimi nianzie wapi? — Kijana wa Newala

Marahaba, mwanangu. Msalimie sana mjomba, na umwambie hakuna kilichovunjika pale. Mgongo wa farasi uliachwa mtupu kwa makusudi, na aliyeuacha hivyo namhesabu kuwa fundi kuliko wengi waliokuja baada yake wakachonga sura nzima.

Kwa jinsi unavyolieleza, lango hilo ni la mashariki la Sanchi, jimbo la Madhya Pradesh, katikati ya India. Sanchi ni kilima chenye stupa, yaani kuba kubwa lililojazwa ndani, ambalo lilianza kujengwa kwa matofali enzi za mfalme Ashoka, karne ya 3 kabla ya Kristo. Baadaye likakuzwa na kuvikwa mawe, na kadiri ya karne ya 1 kabla ya Kristo au mwanzoni mwa ile iliyofuata, yakasimamishwa malango manne kulizunguka, mashariki, magharibi, kaskazini na kusini. Kila lango lina nguzo mbili na boriti tatu za mawe zilizolala juu yake, na ni shida kupata mahali patupu pa kuweka kiganja.

Sasa irudie picha yako, utazame boriti ya katikati, upande wa nje. Kushoto kuna mji wenye kuta. Huo ni Kapilavastu. Siddhartha, ambaye baadaye ndiye ataitwa Buddha, ni mtoto wa mfalme Suddhodana, ana miaka 29. Amekwisha kumwona mzee, akamwona mgonjwa, akaona maiti, kisha akamwona mtu aliyeiacha dunia na kutulia, na starehe za jumba la baba yake zimemtoka moyoni. Usiku anamwacha mkewe Yashodhara na mtoto wao mchanga, Rahula. Anampanda farasi wake Kanthaka, mtumishi wake Chandaka akifuatana naye. Masimulizi yanasema miungu waliinua kwato za farasi kwa mikono yao ili mji usiamke.

Wewe umeona farasi kadhaa. Ni farasi mmoja. Amerudiwa hatua kwa hatua akielekea kulia, na kila hatua mwavuli uko juu ya mgongo wake. India ya zamani mwavuli ulishikwa juu ya mfalme au mtu mtukufu, basi aliyeuona alijua chini yake kuna nani. Mwisho wa boriti, kulia, utaona nyayo mbili kubwa, na Chandaka amepiga magoti mbele yake. Mwana wa mfalme ameshuka, anaendelea kwa miguu. Halafu mtafute farasi anayerudi mjini. Mwavuli hauko tena.

Hapo mimi husimama kila mara. Fundi yule angeweza kumchonga Chandaka analia kwa kinywa wazi. Ameondoa mwavuli, basi. Mtu yeyote aliyewahi kusindikiza mtu stendi akarudi nyumbani peke yake anaelewa.

Hiyo ndiyo desturi ya mawe ya mwanzo. Kule Sanchi, na kwenye stupa nyingine za India kama Bharhut na sehemu za kale za Amaravati, Buddha hachongwi kwa sura ya mtu. Mti wenye kiti kitupu chini yake unasimamia usiku alipopata mwangaza, yaani alipoutambua ukweli akawa Buddha, kule Bodh Gaya. Gurudumu linasimamia mahubiri yake ya kwanza. Kuba linasimamia kifo chake. Nyayo zinasema alipita hapa. Wataalamu wamebishana sana juu ya jambo hili, na tangu mwaka 1990 mwanahistoria wa sanaa Susan Huntington ametetea kwamba mengi ya mawe hayo yanaonyesha watu wakizuru mahali patakatifu miaka mingi baada ya Buddha kufa, wakiuheshimu mti wenyewe na kiti chenyewe. Kwa baadhi ya mawe nakubaliana naye, maana waliochongwa wamebeba maua na sadaka kama mahujaji. Ila boriti ya farasi hainipi shaka. Farasi yule yumo ndani ya kisa, na kila anayekijua kisa anajua mpandaji ni nani.

Kuna jambo la Sanchi ambalo natamani kila mchongaji wa Mtwara alijue. Kwenye nguzo ya lango la kusini pameandikwa kwamba kazi ile ya kuchonga ilifanywa na wachonga pembe za ndovu wa Vidisha, mji ulio jirani na kilima hicho. Wachonga pembe! Watu waliozoea kushika kitu kidogo mkononi, wakapewa nguzo inayokwenda juu. Ukishajua hivyo, unaona mkono wao kila mahali: sura ndogondogo zilizobanana, moja ikiifunika nyingine nusu, ukucha wa farasi umekatwa kwa uangalifu uleule wa uso wa mtu, na kina cha mchongo ni kifupi sana lakini kivuli kinatosha. Pwani yetu hii, Kilwa na Lindi, ilipitisha pembe kwenda ng'ambo kwa karne nyingi, na zilikwenda zikiwa ghafi. Mimi huwafikiria mafundi wa upande wa pili wa bahari, wakiipokea pembe na kuigeuza geuza mikononi kabla ya kuitia patasi.

Na mawe yale hayakulipwa na mfalme mmoja. Mamia ya maandishi mafupi pale Sanchi yanataja waliochangia: watawa wa kiume na wa kike, wafanyabiashara, akina mama wa nyumbani, wafumaji. Aliyetoa nguzo akaandikwa, aliyetoa kipande cha sakafu akaandikwa.

Mimi mwenyewe sijafika India. Lango hilo nimeliona Berlin, nakala yake ya mawe yenye urefu wa kama mita 10, iliyosimamishwa nje ya jumba la Humboldt Forum mwaka 2022. Nilikuwa nimekwenda na wachongaji wenzangu kuonyesha kazi zetu, na shida yangu kubwa ilikuwa kumwona mjusi wetu wa Tendaguru, aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913. Nilimwona, nikasikitika kwa namna ambayo watu wa Lindi watanielewa. Jioni nikapita kwenye lile lango, nikabaki nimeinua shingo mpaka wenzangu wakaniita. Picha ya simu haikupi kitu kimoja: boriti ile iko juu sana, na mchongaji alijua utaitazama ukiwa unatembea kuingia. Kwa hiyo kisa kinasomeka hata kwa mtu asiyesimama.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Mawe haya yalichongwa yasomwe kwa miguu. Mwumini alilizunguka kuba huku mkono wake wa kulia ukilielekea. Jaribu sasa hivi, zunguka mti wowote hapo uani mkono wa kulia ukiuelekea, kisha geuza uso uutazame: unasogea kwenda kushoto. Ndiyo maana kule Gandhara, maeneo ya Peshawar na Swat yaliyo leo Pakistani, visa vya Buddha vilivyozungushwa kwenye stupa hufuatana kutoka kulia kwenda kushoto, mwelekeo uleule wa kusoma msahafu. Mtu anayeandika kwa herufi za Kilatini akivipanga kwa mazoea yake, Buddha atakufa kwanza ndipo azaliwe.

Gandhara ndiko utakakomwona Buddha mwenyewe ana uso. Kuanzia karne ya 1 mpaka ya 3 hivi, enzi za wafalme wa Kushan, mafundi wa huko walichonga jiwe la kijivu linalopasuka kwa matabaka, wakampa nywele za mawimbi na shuka lenye mikunjo mizito, kwa sababu njia za biashara zilikuwa zimewaletea mitindo ya Wagiriki na Warumi. Stupa ndogo ya Sikri, iliyoko sasa katika makumbusho ya Lahore, ina vibao 13 vya maisha yake. Ila kwa ubao wa mgeni wako, vinne vinatosha, na ndivyo vinavyorudiwa zaidi.

Kuzaliwa: mama yake, Maya, amesimama bustanini Lumbini, ameshika tawi la mti, na mtoto anatokea ubavuni mwake wa kulia, mungu Indra akimpokea kwa kitambaa. Kupata mwangaza: ameketi chini ya mti, mkono wa kulia unagusa ardhi, na jeshi la Mara mshawishi limemzunguka pande zote. Hapa ndipo mchongaji wa Kimakonde atakapofurahi, kwa sababu askari wa Mara wana vichwa vya wanyama na sura za kutisha, na sisi kwa mashetani hatuhitaji kufundishwa. Lakini zuia mkono. Wakiwa wakubwa kuliko aliyeketi, kisa kimeharibika. Mahubiri ya kwanza: gurudumu, na swala wawili, kwa kuwa ilikuwa bustani ya swala, Sarnath. Kufa: amelala kwa ubavu wa kulia katikati ya miti miwili, Kushinagar, akiwa na miaka 80. Katika vibao vingi vya Gandhara waliozunguka kitanda wanapiga vifua, wanajitupa chini, ila mmoja ameketi mbele, ametulia kabisa, kiriba chake cha maji kikining'inia kwenye vijiti vitatu. Anaitwa Subhadra, mwanafunzi wa mwisho. Usimsahau huyo. Kilio cha wengine hakina maana bila yeye.

Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho: anza kwa kumuuliza mteja anataka mtindo upi. Akisema Sanchi, usimtie Buddha uso mahali popote, hata akikubembeleza. Akisema Gandhara, mtie. Kuchanganya farasi mtupu na mtu mwenye uso kwenye ubao mmoja ni kuonyesha kwamba hukuelewa kazi ya yeyote kati yao. Mpingo utakubali kina kifupi kama cha Sanchi, maana ni mgumu na unashika ukingo mkali. Ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo usiitupe yote. Kwenye mwavuli itakufaa. Maliza kwa tupa nyembamba na msasa laini, usipake kiwi. Na kitu kimoja cha adabu: kwa Wabuddha hivi ni vitu vitakatifu. Mteja akibadili mawazo akataka uchonge hadithi hiyo kwenye kigoda cha kukalia, mkatalie kwa upole, umpe ubao wa kutundika.

Fundi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Lindi mjini. Watoto wameniuliza kama hapa nchini kuna mahali pa kuona mambo ya Buddha, na kwa nini michongo hiyo mingi iko Ulaya. — Mwalimu, Lindi

Mwalimu, mawe ya kale ya namna hiyo hapa kwetu hayapo. Lakini Dar es Salaam, Upanga, kuna hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20, na uani kwake kuna mti wa jamii ileile ambao Buddha aliketi chini yake. Ni ndugu wa mkuyu wetu, ila jani lake lina ncha ndefu inayoning'inia. Mtoto akilishika jani hilo atalitambua kwenye jiwe lolote la Sanchi, maana wachongaji walilichonga hivyohivyo.

Kuhusu Ulaya, mengi yalichukuliwa wakati Waingereza wakiitawala India. Michongo ya Amaravati imegawanyika, sehemu kubwa iko Chennai, hukohuko India, na zaidi ya mia moja iko British Museum, London. Ua wa mawe wa Bharhut, uliogunduliwa na Alexander Cunningham mwaka 1873, ulibaki India, ila ulihamishwa kwenda makumbusho ya Kolkata. Huko watoto wangependa kibao cha tajiri Anathapindika, aliyenunua bustani kwa ajili ya Buddha kwa kutandaza sarafu juu ya ardhi yote, na mkokoteni wa ng'ombe ulioleta sarafu umechongwa pembeni. Mimi linaloniuma zaidi ni kwamba kibao kikishatolewa kwenye duara lake na kutundikwa peke yake ukutani, hakuna tena anayekizunguka.

Fanya hivi na darasa lako. Wachore vile visa vinne nilivyomweleza kijana wa Newala, mvitundike kuzunguka mwembe wa shule, kisha wazunguke mkono wa kulia ukiuelekea mti, huku mmoja akisimulia. Wabadilishane kusimulia. Wakikosea mpangilio wataona wenyewe, kwa sababu hadithi itawagomea.

Mzee, mimi natengeneza ngalawa Mikindani. Mwanangu alinionyesha picha ya chombo kilichochongwa kwenye jiwe, Indonesia, kina ndubi pembeni kama ngalawa zetu. Akasema ni hekalu la Buddha. Buddha alisafiri baharini? — Fundi ngalawa, Mikindani

Fundi mwenzangu, nashukuru sana kwa swali hili. Hekalu hilo ni Borobudur, kisiwani Java, lililojengwa karne ya 8 na ya 9 enzi za ukoo wa Sailendra. Ni mlima wa mawe ya volkano yaliyopangwa bila saruji, wenye ngazi nne za vijia vya kuzunguka, na kuta zake zina vibao 2,672 vya michongo. Kati ya hivyo, 1,460 vinasimulia visa na vilivyobaki ni mapambo. Mawe yalipangwa kwanza, ndipo yakachongwa yakiwa ukutani. Ukitazama vizuri utaona kiungo cha mawe kinapita katikati ya shavu la mtu, na mchongo haukuyumba.

Maisha ya Buddha yako kwenye kijia cha kwanza, safu ya juu ya ukuta wa ndani. Vibao 120, unaanzia ngazi za mashariki na kuzunguka kama nilivyoeleza hapo juu. Vinaanza angani, kabla hajashuka kuzaliwa, na vinaishia kwenye mahubiri ya kwanza. Kifo chake hakimo. Msimulizi wa Java aliamua kuachia pale mwalimu anapofungua kinywa, na mimi naona aliamua vyema: mtu aliyepanda mpaka hapo bado ana ngazi nyingi mbele yake.

Chombo alichokiona mwanao hakimo kwenye safu hiyo. Kiko safu ya chini yake, kwenye ukuta uleule, ambako wamechonga visa vya maisha ya Buddha aliyoishi kabla ya kuzaliwa mara ya mwisho, pamoja na visa vya watu wengine wema na waovu. Kwa hiyo Buddha hakusafiri baharini kwa chombo kile. Ila aliyekichonga alikuwa mtu anayejua vyombo, au alikuwa na baharia karibu yake. Wewe utaona mara moja: milingoti imefungwa kwa miti zaidi ya mmoja, matanga ni ya pembe nne yameinamishwa, tofauti na tanga letu la pembetatu, watu wako kazini kwenye kamba, na ndubi imejengwa kwa miti mingi iliyofungamanishwa, nzito kuliko yako. Ngalawa yetu ni gogo moja la mwembe na ndubi mbili nyepesi. Kile ni chombo kikubwa cha mbao. Lakini wazo ni lile moja, la kukizuia chombo kisipinduke bila kukinenepesha.

Wala hilo si jambo la kubahatisha tu. Watu wa Madagaska lugha yao ni ndugu wa lugha za Borneo, maana yake mababu zao walivuka bahari hii hii, na wataalamu wengi wanaona kwamba ndubi za pwani ya Afrika Mashariki zilikuja kwa watu hao. Wewe unapochonga ndubi Mikindani unafanya kazi ambayo jamaa zake wa mbali wamo ukutani Borobudur.

Mwingereza mmoja, Philip Beale, aliyeviona vyombo hivyo vya jiwe alipokuwa kijana, alitaka kujua kama vingeweza kweli kuvuka bahari. Mafundi wa Indonesia wakaunda chombo kwa kufuata mchongo, wakakiita Samudra Raksa. Mwaka 2003 kiliondoka Jakarta, kikapita Shelisheli na Madagaska, kikazunguka Cape Town, na mwaka 2004 kikafika Accra, Ghana. Leo kimewekwa kwenye jumba lake la makumbusho, ndani ya eneo la Borobudur. Mwambie mwanao atafute picha zake zilizopigwa kutokea ubavuni, siyo za mbele, ndipo utaona jinsi walivyofunga zile ndubi. Ukizikagua, niandikie mafundo waliyotumia yanafanana na yako au la. Nitaichapa barua yako hapa.